Mmweko Mmoja kwa Moyo Uliotulia

Watu sita walikaa kwenye benchi la chumba cha kutuliza, wamevaa magauni ya hospitali yanayofungwa mgongoni, na Subilaga akawaanzishia wimbo.

Hakuuanza kwa sauti. Aliuanza chini kabisa, kule besi inakokaa, kama mtu anayenguruma usingizini, huku mkono wake wa kushoto ukipanda na kushuka polepole. Kila mkono uliposhuka, pumzi za watu zilishuka nao. Ukutani kulikuwa na ubao wa namba sita, kila namba mapigo ya mtu mmoja. Tano kati yake zilikuwa zimeanza vibaya asubuhi hiyo: themanini na nane, tisini na moja, mia na mbili. Ubeti wa pili ulipokwisha, hakuna iliyozidi sabini na tano.

"Mama, mimi kuimba sijui," alinong'ona mama mmoja mnene aliyetoka Kyimo.

"Hakuna anayekusikiliza. Guna tu."

"Nigune vipi?"

"Kama unavyoguna mumeo akichelewa kurudi."

Benchi zima likaangua kicheko, na namba zote sita zikaruka juu. Subilaga akakunja uso, akaurudia ubeti tangu mwanzo. Kicheko nacho ni adui wa picha.

Kwenye kitambulisho chake paliandikwa Mtuliza Mioyo. Alikuwa na cheti cha darasa la saba, kaburi la mume nyuma ya nyumba, na miaka tisa katika Kituo hiki cha Moyo kilichojengwa juu ya kilima, nje kidogo ya Tukuyu. Kazi yake ilikuwa hiyo moja. Mashine ya Kituo ilipiga picha ya moyo kwa mimweko ya mionzi, na iliusubiri moyo upumzike kati ya pigo na pigo ndipo imweke. Moyo unaokimbia haushikiki, ni sawa na kumpiga picha mtoto anayecheza. Mashine huumulika mara kumi na sita. Moyo uliotulia ulitoshwa na mmweko mmoja.

Na mionzi ilipimwa kwa uchungu. Kizazi cha mababu kilipigwa picha kwa kila kikohozi, kikaja kuzeekea katika saratani, na ndipo ilipotungwa sheria. Kila mtoto akizaliwa alipewa kibaba chake cha mionzi, cha maisha yote, kikaandikwa kwenye bangili ya mkononi. Kibaba kikikwisha, hakuna mashine nchini itakayowaka kwa ajili yako, uwe umevunjika nyonga, uwe na uvimbe. Mke na mume tu ndio walioruhusiwa kumegeana.

Kwa hiyo watu walikipenda Kituo cha Subilaga. Kwa miaka minne mfululizo hakuna kituo nchini kilichotumia mionzi kidogo kama hicho. Wageni walikuja kutazama siri yake, wakazunguka mashine, wakapiga goti kuchungulia chini yake. Mashine ilikuwa ile ile ya kila mahali. Siri ilikuwa benchi, na mjane mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wengi.

Wa mwisho kwenye benchi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Ambindwile. Yeye hakuhitaji kutulizwa. Aliongoza besi katika kwaya ya Moraviani, alipumua kama mto wa bondeni, na namba yake ubaoni ilikuwa arobaini na sita kabla hata wimbo haujaanza.

"Dada," alisema alipoitwa, "nikilala humo ndani mniamshe."

"Nenda, maneno mengi."

Alikuwa fundi wa minara ya ukungu, ile inayosimama kwenye mabega ya mlima Rungwe na kuvuna maji kutoka mawinguni. Mita sitini kwenda juu, kwa mikono na mkanda. Sheria ilitaka kila mpandaji apigwe picha ya moyo mara moja kwa mwaka. Lakini mwaka huu Subilaga alikuwa na sababu yake ya kusimama karibu na kioo. Wiki mbili nyuma Ambindwile alimwambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba akifika jukwaa la tatu kifua kinakuwa kama kimewekewa tofali, na taya linauma. Hakumwambia mtu mwingine.

Mashine ikaunguruma. Mmweko mmoja. Kisha programu waliyoizoea kuiita Fundi ikaichukua picha, ikaisafisha, na moyo wa Ambindwile ukaanza kuzunguka taratibu kwenye skrini ya daktari, mwekundu, laini, kila mshipa umechongeka. Chini yake paliandikwa: SAFI.

"Mungu ni mwema," alisema Subilaga.

Halafu akakiona kitawi.

Miaka tisa ya kusimama nyuma ya bega la daktari ilikuwa imemfundisha kwamba mioyo haifanani, kama vile nyuso hazifanani. Upande wa kushoto wa moyo wa mdogo wake, mshipa mmoja ulitoa kitawi chembamba kilichopinda kama mundu, chenye kifundo kidogo kwenye kiwiko. Alikuwa amekiona kitawi hicho Jumanne ya wiki ya juzi, kifundo na vyote. Kilikuwa kwenye moyo wa Mzee Nsajigwa, mzee wa kanisa aliyeimba vizuri kuliko wote benchini, aliyetulia mpaka mashine ikadhani amelala.

Mzee Nsajigwa alianguka siku kumi na moja baadaye kwenye sherehe ya ubatizo, sahani mkononi. Walimzika Jumatatu.

* * *

"Mama, mishipa ya watu hufanana," alisema Daktari Asajile. Alikuwa binti wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa kucheka, na siku zote alimwachia Subilaga kiti chake akitoka kwenda kunywa chai.

"Uso wa mtu unaweza kufanana na wa ndugu yake, daktari. Haufanani mpaka kovu."

Asajile akatabasamu, lakini akaifungua picha ya marehemu, akaiweka kando ya ile ya Ambindwile. Akaisogeza. Akaigeuza. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nikuonyeshe kitu ambacho huwa hatukiangalii."

Akabonyeza, na moyo mwekundu ukatoweka. Badala yake pakabaki giza lililonyunyiziwa chembe nyeupe, kama mtu aliyekung'utia unga juu ya kitambaa cheusi. Ukikodoa sana uliweza kuhisi kwamba kuna kitu cha duara humo.

"Hii nini?"

"Hii ndiyo picha mbichi. Hiki ndicho mashine ilichokiona kwa mmweko mmoja."

Subilaga akaisogelea skrini mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Mshipa uko wapi?"

"Haupo. Mionzi ni michache mno, haukuweza kuonekana. Fundi ndiye anayejazia. Amefundishwa kwa mioyo milioni mbili, mama. Pale mionzi ilipofika anafuata mionzi. Pale isipofika anauliza: moyo wa kawaida huwaje hapa? Anauweka." Aliongea kama anasoma somo alilolifaulu zamani, na sauti ikawa inapungua. "Walituambia anajazia kidogo tu. Mikwaruzo."

"Na moyo wa kawaida ni mzima."

"Wengi katika wale milioni mbili walikuwa wazima. Ndiyo."

Akaanza kutafuta. Alikiamuru kitabu cha picha kimtolee kila moyo wenye kitawi kile, na kikamtolea kumi na moja, wa miezi sita tu. Akaweka majina upande mmoja na mapigo upande wa pili. Subilaga aliyasoma majina kwa kidole. Aliwajua wote. Aliwajua kwa sauti zao: huyu soprano, huyu alikuwa anapotea kwenye ubeti wa tatu, huyu alilia alipoimba.

Mapigo yao yalikuwa arobaini na nane, arobaini na tano, arobaini na tisa. Hakuna aliyefika hamsini.

"Walioogopa wako wapi?" aliuliza.

"Walioogopa walipewa mimweko kumi na sita. Picha zao ni mbaya, zina mawimbi, huwa tunazilalamikia." Asajile alifumba macho. "Lakini ni mioyo yao."

Nje, kwenye benchi, kundi jipya lilikuwa linasubiri. Mtu mmoja alikohoa. Subilaga alitazama mkono wake wa kushoto, ule wa kushushia pumzi, akaufunika kwa kanga.

"Basi ni mimi," alisema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nimewatuliza mpaka mashine ikawaona hawana haja ya kuangaliwa."

Asajile alikuwa na sheria tu, akaziorodhesha moja moja kama mtu anayejaribu milango ya nyumba inayoungua. Kuongeza mionzi kwa mkono hakuwezekani, mashine hujipangia yenyewe kwa kuhesabu mapigo, na imefungwa na Mamlaka ya mionzi. Kumpeleka Ambindwile akaingizwe waya moyoni hakuruhusiwi, maana picha yake imeandikwa SAFI, na neno hilo hudumu mwaka mzima. Dawa ya kuukimbiza moyo ipo kabatini, lakini kabati hufunguka kwa kibali. Kumkimbiza ngazini hakusaidii, mpandaji minara akilala dakika moja amesharudi arobaini na sita.

"Ninaloweza ni moja. Naweza kuandika kwamba alitikisika, picha irudiwe. Mara moja tu. Lakini akiingia na moyo ule ule, Fundi ataniletea kitawi kile kile."

"Anapanda lini?"

"Fomu inasema Jumanne."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

* * *

Jumamosi mchana alimkuta mdogo wake kibarazani, anapaka mafuta mkanda wa kupandia.

"Shikamoo, dada. Naona umekuja na uso wa kamati."

"Marahaba. Nataka Jumatatu uje upigwe tena."

"Si wameandika safi?"

Akamweleza. Alimweleza vizuri, bila kuruka, unga kwenye kitambaa cheusi na mioyo milioni mbili, kitawi na kifundo chake. Ambindwile alisikiliza huku anapitisha kitambaa kwenye vifungo. Mwisho akacheka, kicheko chake cha chini, kile kilichokuwa kinatikisa mabenchi ya kanisa.

"Kwa hiyo Fundi amenipa moyo wa mtu mzima, nami nikamlalamikie? Nikasema nirudishieni kibovu changu?"

"Ambindwile, tofali la kifuani umelisahau?"

"Ni baridi ya kule juu. Na umri. Dada, mimi nikiitwa nitaitika, hata nikiwa nimelala kitandani. Unanijua." Akamwangalia, akamwonea huruma. "Haya. Nitakuja kwa ajili yako. Ila nikitoka hapo usinisumbue tena."

Alisema hivyo kwa amani kabisa, na amani hiyo ndiyo iliyomtia Subilaga baridi. Angekuja Jumatatu kama alivyokuja Ijumaa. Angelala pale kama mtoto aliyeshiba.

Ambindwile akaingia ndani, akarudi na chai. Akaketi chini ya picha ya mkewe, Bupe, iliyotundikwa juu ya mlango, mwaka wa nne sasa.

"Bupe angekuwepo angekwambia upunguze kuhangaika," alisema. "Yeye hakuhangaika hata siku moja. Uvimbe ulikuja kimya kimya, tukaujua imebaki wiki moja. Hata mwenyewe hakujua. Mimi namshukuru Mungu kwa hilo, unajua? Kwamba hakuteseka akijua."

Subilaga akatazama chai yake. Hapo hapo, kikombe kikiwa kinamuunguza vidole, akafahamu kwamba duniani lipo jambo moja linaloweza kuukimbiza moyo wa mdogo wake, na kwamba analo yeye peke yake, na kwamba aliliapia.

Jumapili alikwenda ibadani, hakupanda kwenye kwaya. Alikaa nyuma, na meza ya Bwana ilipoandaliwa hakusogea. Hakuwa anamuuliza Mungu kama ni dhambi. Alijua ni dhambi. Kiapo alikiapa mkono juu ya Biblia, mbele ya mtu anayekufa, na aliyeapiwa hayupo tena wa kumfungua. Alichokuwa anapima ni kingine: kama akiliweka jambo lile ndani ya kifua kibovu, si atakuwa amempiga kwa mkono wake mwenyewe? Alimuua Mzee Nsajigwa kwa wimbo bila kujua. Huyu angemuua akijua.

Alimwambia Asajile jambo la nusu tu, Jumatatu asubuhi, mlangoni.

"Nitamtisha."

"Mama, anaweza kufia mezani."

"Na mnarani?"

Daktari akashika kitasa cha mlango.

"Basi hapa kuna wewe, na ile mashine ya kushtua moyo. Isogeze karibu."

* * *

Ambindwile alilala, mikono juu ya kichwa kama ilivyotakiwa. Alikuwa anaimba kwa ndani, midomo imefungwa. Kwenye skrini ndogo iliyokuwa kando ya meza: arobaini na tano.

Subilaga aliisogeza shuka mpaka kiunoni mwake, akabandika nyaya tatu kifuani. Nyuma ya kioo Asajile aliinua kidole: tayari. Kwa desturi hapo ndipo Subilaga alipotoka chumbani, akaongea kwa spika: vuta pumzi, zuia. Leo hakutoka. Alivaa joho zito la kuzuia mionzi, akainama karibu na sikio la mdogo wake.

"Ambindwile. Bupe alijua."

"Alijua nini?"

"Uvimbe. Aliugundua mwezi wa pili. Akanionyesha mimi, chumbani kwangu, akashika mkono wangu akauweka hapo."

Arobaini na tisa. Hamsini na nane.

"Unasema nini, dada?"

"Kibaba chake kilikuwa kimekwisha, unajua walivyompiga picha utotoni kwa ajili ya mgongo. Hakuna mashine ingemwakia. Akajua ukisikia utammegea chako, na ukimmegea hutapata tena ruhusa ya kupanda, na minara ndiyo ilikuwa maisha yako. Akaniapisha. Nikaapa."

Themanini. Ambindwile aligeuza kichwa. Macho yake yalikuwa yanamtafuta usoni, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua.

"Ulikuwa unakuja kila Jumapili," alisema.

"Miezi minane. Nilikula mezani kwenu. Ulikuwa unaniambia Bupe amekonda, nami nikakujibu ni kazi ya shamba."

"Ningempa chote."

"Najua."

"Chote! Dada! Ningempa chote!"

Mia moja na ishirini na moja. Sauti yake iligonga kuta, na mashine ikaanza. Subilaga alisikia mimweko, si mmoja, ikifuatana kama mtu anayepiga hatua ngazini: minne, mitano, tisa. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mdogo wake na mdogo wake alikuwa anajaribu kuuchomoa. Bangili ya kibaba ilikuwa inashuka rangi chini ya vidole vyake, kutoka kijani kwenda njano, kutoka njano kwenda rangi ya kutu. Kumi na mitatu. Kumi na sita.

Kimya.

"Mama," ilisema spika. Sauti ya Asajile ilikuwa imepasuka. "Mama, njoo uone."

Picha ilikuwa mbaya. Ilikuwa na mawimbi na ukungu, kingo zimekatikakatika, Fundi hakupata pa kuweka urembo wake. Kitawi cha mundu hakikuwepo. Mahali pake palikuwa wazi. Na juu zaidi, pale mshipa mkuu wa kushoto unapoanzia, mshipa ulikuwa umebanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa na tairi. Chini hapakuandikwa SAFI. Paliandikwa: DHARURA.

Asajile alikuwa tayari anapiga simu Mbeya, anaita gari, analia na kutoa maagizo kwa wakati mmoja. Subilaga aligeuka kutazama kupitia kioo. Ambindwile alikuwa bado amelala, macho wazi, anatazama dari. Mapigo yalikuwa yameanza kushuka. Midomo haikuwa inaimba.

* * *

Walimpasua Jumanne, siku ileile ambayo angekuwa mnarani.

Asajile aliandika ripoti kwenda kwa bodi ya Mamlaka, yenye majina mia mbili na kumi na mawili ya watu waliopigwa picha wakiwa chini ya mapigo hamsini. Jibu lilikuja kwa adabu. Fundi ameokoa wengi kuliko aliowakosa, lilisema. Kuwaita watu mia mbili na kuwamalizia vibaba vyao kwa sababu ya mashaka kungekuwa madhara makubwa zaidi. Na bodi inampongeza Mama Subilaga kwa moyo wake wa kujali, na inamtakia kheri katika kuendelea kuwatuliza wagonjwa.

Huenda walikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomsumbua Subilaga kuliko kama wangekuwa wabaya. Alipiga hesabu yao akaona inafika. Lakini ilikuwa inapita juu ya Mzee Nsajigwa kama gari linavyopita juu ya tuta.

Yeye aliacha kuimba. Hakutangaza, hakugombana na mtu. Asubuhi aliwaweka watu benchini, akawafunga magauni, akakaa. Walioomba wimbo aliwaambia koo linamsumbua. Namba ukutani zilibaki juu, tisini, mia na kumi, watu wakaingia wanatetemeka, mimweko ikawaka kumi na sita kwa kila mmoja, na vibaba vikaliwa. Mwanamke mmoja kijana alitoka pale amebakiwa na robo, akamtazama Subilaga kwa chuki, na Subilaga akaipokea chuki hiyo kwa macho bila kuinama. Mwisho wa mwezi Kituo kilikuwa kimeshuka mpaka nafasi ya arobaini. Wakamhamishia kufua mashuka.

Wiki ya sita Ambindwile alirudishwa nyumbani, na Subilaga akapika ndizi na maharage, akajaza hotpoti, akaenda.

Alikuwa amekaa kibarazani na blanketi magotini. Kovu lilichungulia juu ya kola ya shati. Amekonda, shingo imekuwa ya mzee.

"Shikamoo," alisema. Hakuongeza dada.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea." Akavuta blanketi. "Wamesema njia ilikuwa imebaki upana wa sindano. Ningedondoka wiki ile ile."

Subilaga aliweka chombo juu ya meza ndogo, kati yao. Kwa mbali, juu ya mlima, minara ilionekana nusu, nusu nyingine ikiwa mawinguni.

"Daktari Asajile alikuja hospitali kuniona," alisema Ambindwile. "Akanieleza. Kwamba ilibidi moyo ukimbie. Kwamba mlipanga."

"Ndiyo. Tulipanga."

"Basi nimelala kule nikawaza." Sasa sauti yake ilikuwa na kitu ndani, kitu chembamba kinachoning'inia. "Nikasema, dada yangu ananijua tangu tukiwa watoto. Anajua pa kunigusa. Alitafuta neno la kunishtua, akakosa, akalitunga. Alitunga neno baya kuliko yote kwa sababu aliniona nakufa. Ni kweli nilikasirika, lakini mtu akikuokoa kwa uongo, utamfanya nini?"

Akageuka akamtazama, mara ya kwanza tangu ile meza.

"Sema ulilitunga. Sitakuuliza tena maisha yangu yote. Utasema ulilitunga, tutakula hizi ndizi, na Jumapili tutakwenda kwaya wote wawili."

Subilaga alimwona jinsi alivyokwisha kuimaliza picha mwenyewe. Kila mshipa alikuwa ameuweka mahali pake, laini, bila bonge. Bupe hakujua, hakuteseka, dada hakunyamaza. Kilichobaki ni yeye kuandika neno moja chini yake.

"Sikulitunga," alisema.

Ambindwile hakusogea.

"Miezi minane?"

"Minane."

"Na mimi nilikuwa na robo tatu ya kibaba changu."

"Nilijua."

Alipumua kama walivyomfundisha hospitali, taratibu, mkono umeshika kovu. Kisha akanyoosha mkono mwingine, akaisukuma hotpoti juu ya meza, kidogo kidogo kwa sababu hakuwa na nguvu, mpaka ikafika upande wake Subilaga.

"Chukua chombo chako, dada."

Subilaga akainuka, akakichukua. Alikikumbatia tumboni, akateremka nacho kilima. Kilikuwa cha moto bado, na kilimchoma njia nzima.